Dhahabu ya wimbo wenu iko sekunde ya ngapi?

Mwezi huu nimeletewa kesi ambayo sijawahi kuletewa katika safu hii. Si ya simu yenye namba ya siri, si ya mama mkwe aliyekuja kusalimia akakaa miezi sita. Ni kesi ya hesabu!

Dada mmoja anayetarajia kufunga ndoa baadaye mwaka huu ameniandikia kwamba yeye na mchumba wake hawaelewani kwa sababu ya wimbo wa kuingilia ukumbini. Yeye tangu akiwa sekondari amejiapiza kuwa siku yake ikifika ataingia na "I Will Always Love You" ya Whitney Houston. Mchumba wake, ambaye ni mhandisi, hataki. Amesoma mahali kwamba nyimbo zinazokonga nyoyo za watu zimejengwa kwa kitu kinachoitwa uwiano wa dhahabu. Basi kachukua saa ya kwenye simu, kaupima huo wa Whitney, kaona haumo. Kisha akaja na orodha yake mwenyewe ya nyimbo "zilizofaulu". Dada anasema kilichomuuma siyo wimbo kukataliwa. Kilichomuuma ni kwamba alipomwambia mwenzake kuwa wimbo ule unamliza, alijibiwa kuwa kwa hesabu haupaswi kumliza.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maana mtu akishaanza kukwambia kwamba ulichokisikia hukukisikia kwa sababu kikokotoo kimekataa, leo ni wimbo, keshokutwa itakuwa nini? Kwa hiyo sikutaka kumtetea dada kwa sababu tu ni dada mwenzangu. Nimekaa na spika na saa, nikapima mwenyewe.

Kwanza, hiyo dhahabu yenyewe ni nini? Chukua kamba, ikate vipande viwili visivyolingana. Unatakiwa ukate mahali ambapo kipande kirefu ukikigawa kwa kifupi, unapata jibu lilelile unalopata ukigawa kamba nzima kwa hicho kirefu. Ukianzia kupima upande wa kipande kirefu, ni mahali pamoja tu panapokubali hivyo, nako ni kwenye asilimia 61.8 ya urefu. Mgiriki Euclid alieleza ukataji huo mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, na wala hakuuita dhahabu. Jina la dhahabu lilichapishwa Ujerumani mwaka 1835, na mwaka 1854 Mjerumani mwingine, Adolf Zeising, akaanza kudai kwamba uwiano huo umetawala mwili wa binadamu na uzuri wote wa dunia. Tangu hapo haujapumzika. Majengo, michoro, sura za warembo, kila kitu kinapimwa.

Kwenye muziki inakuwa hivi. Unachukua urefu wa wimbo kwa sekunde, unazidisha kwa 0.618. Wimbo wa dakika 4 una sekunde 240, kwa hiyo unapata sekunde ya 148, yaani dakika 2 na sekunde 28. Kama lile jambo kubwa la wimbo linatokea hapo, labda sauti inapanda, labda gitaa linaingia, basi wanasema wimbo una dhahabu.

Na tusiwadharau wanaotafuta, maana wamo wasomi. Mwaka 1995 mwanahisabati John Putz alipima sonata za piano za Mozart. Sehemu ya kwanza ya sonata iliyopewa namba K. 279 ina hatua 100 za muziki, na mgawanyo wake mkuu ni 38 na 62. Ukiambiwa ugawe 100 kwa uwiano wa dhahabu bila kukata hatua katikati, huwezi kupata jibu zuri zaidi ya hilo! Lakini Putz huyohuyo alipozipima sonata nyingine, na kwa kipimo kikali zaidi, ushahidi ukalegea, na hakuona sababu ya kutosha ya kusema Mozart alikuwa anapiga hesabu hiyo makusudi.

Haya, tumuache Mozart, tuje kwenye vibao vyetu vya mapenzi. Wa Whitney una dakika 4 na sekunde 31. Dhahabu yake inatakiwa iwe kwenye dakika 2 na sekunde 47. Lile jambo lenyewe sote tunalijua: muziki unakatika, kimya kidogo, unashika pumzi, halafu dramu moja inapigwa, na sauti ya yule dada inapaa juu kama imefunguliwa mlango. Hiyo ni kwenye dakika 3 na sekunde 9 hivi. Yaani sekunde 22 nzima baada ya dhahabu, karibu kwenye asilimia 70 ya wimbo. Kwa hiyo shemeji mhandisi kapima sawasawa, tumpe haki yake. Dhahabu haipo. Ila wimbo huohuo usio na dhahabu ulikaa namba moja Marekani kwa wiki 14 kuanzia mwishoni mwa 1992, na mpaka leo haujaacha kuliza watu.

(Kwa pembeni tu: dada, unajua kwamba ule ni wimbo wa kuagana? Dolly Parton, aliyeutunga kisha akautoa mwaka 1974, aliutunga alipokuwa anaachana kikazi na Porter Wagoner, aliyekuwa akiimba naye. Hata kwenye filamu ya The Bodyguard mwishoni wanaachana. Sikuzuii, wengi wameingia nao ukumbini na ndoa zao zinadunda. Nakupa taarifa tu, asije shangazi mmoja anayejua Kiingereza akakutolea jicho siku hiyo.)

Nikampima Céline Dion na ule wa Titanic wa mwaka 1997. Una dakika 4 na sekunde 40, dhahabu ingekuwa dakika 2 na sekunde 53. Pale wimbo unapopandishwa sauti kwa kishindo ni baada ya dakika tatu na ushei, karibu nusu dakika mbele. "In the Air Tonight" wa Phil Collins, wa mwaka 1981, ule wa zile dramu ambazo hata asiyejua kupiga huzipiga kwenye usukani wa gari, unazitoa dramu zake kwenye dakika ya 3 na sekunde 40. Dhahabu ilishapita sekunde kumi na kitu kabla. "Bohemian Rhapsody" wa Queen wa mwaka 1975 una dakika 5 na sekunde 55, na dhahabu yake inaangukia katikati ya kile kipande cha vituko vya opera. Mageuzi makubwa mawili, opera inapoanza na gitaa zito linapolipuka, yote yako mbali nayo, moja nyuma, moja mbele.

Sasa utaniuliza, hizo nyimbo "zilizofaulu" kwenye orodha ya shemeji zilifauluje? Hapo ndipo penye utamu.

Mtunzi wa nyimbo za kisasa hakati kamba, anapanga matofali. Vipande vya nyimbo hizi vinakwenda kwa hatua nne nne, nane nane: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, kipande cha kubadilisha ladha, kiitikio cha mwisho. Sasa chukua wimbo wenye matofali manane yanayolingana. Tofali la tano linaishia kwenye tano ya nane, yaani 0.625. Dhahabu ni 0.618. Kwenye wimbo wa dakika nne tofauti yake haifiki sekunde mbili! Wimbo wowote wa matofali manane ambao tofali la sita linaleta jambo jipya utaonekana umejengwa kwa dhahabu, kumbe prodyuza wa watu kahesabu moja mpaka tano, basi.

Hilo moja. La pili ni ulegevu wa kipimo. Wanaotafuta dhahabu hukubali makosa kidogo, tuseme asilimia 5 kushoto na 5 kulia. Halafu wakikosa mbele, wanageuza kamba na kupima kutoka upande wa pili, kwenye asilimia 38.2. Ukijumlisha umeshajipa moja ya tano ya wimbo mzima. Na wimbo una mambo mangapi? Gitaa linaingia, besi inatoka, kuna makofi, kuna kwaya. Ukiwa na mambo kumi yaliyotawanyika ovyo tu, uwezekano wa walau moja kuangukia kwenye eneo lako ni kama asilimia 89. Ni sawa na yule mganga anayekwambia kuna mtu ofisini kwenu anakuonea wivu. Atakosaje?

Na la tatu, wimbo unaishia wapi? "Hey Jude" wa The Beatles wa mwaka 1968 unazidi dakika saba, na kama nne za mwisho ni kile kiitikio kinachorudiwa huku sauti ikififia taratibu mpaka inapotea. Utaweka alama ya mwisho wapi, pale sauti inapoanza kushuka au pale sikio lako linapoacha kusikia? Tena wimbo mmoja una toleo la albamu, la redio na la video. Huo wa Phil Collins ulipotolewa kama singo uliongezwa dramu mapema, kabla hata ya zile dramu kubwa. Ukibadilisha urefu, dhahabu inahama. Dhahabu gani hiyo inayohamishwa na mtu wa redio mwenye haraka ya kuingiza tangazo?

Kwa hiyo kama si dhahabu, ni nini kinachotuliza? Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha utafiti wa watu wachache waliopimwa ubongo huku wakisikiliza muziki unaowasisimua mpaka vinyweleo. Waliona kemikali iitwayo dopamini, ileile inayohusika na raha za chakula na mapenzi, ikitolewa kwa awamu mbili, tena sehemu mbili tofauti za ubongo. Moja ni pale kilele kinapofika. Nyingine ni kabla, wakati mtu anakisubiri. Kumbe kusubiri kwenyewe ni sehemu ya utamu! Wewe uliyewahi kumsubiri mtu kituo cha basi ukaliona basi lake linakata kona, unajua ninachosema.

Ukilielewa hilo, zile sekunde 22 za Whitney zinaeleweka. Wimbo ule unaanza bila chombo hata kimoja kwa kama robo tatu ya dakika, sauti tupu. Inasemekana ni Kevin Costner, aliyecheza naye kwenye filamu, aliyeng'ang'ania uanze hivyo. Kuanza hivyo ni kukopa. Unamfanya msikilizaji aanze kudai ngoma, na kila ubeti unaongeza riba. Deni likiwa kubwa, malipo yanaweza kuchelewa mpaka asilimia 70 na mtu asichoke. Phil Collins naye anakuchosha kwa mdundo wa mashine zaidi ya dakika tatu kabla hajakaa kwenye dramu zake. Siku hizi, kinyume chake, Spotify inahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, kwa hiyo wasanii wengi wanalipa mapema, kiitikio unakutana nacho mlangoni kabisa. Siyo kosa. Wamekopa kidogo, wanalipa haraka.

Na kuna jambo jingine kwenye utafiti ule ambalo naomba shemeji alisome mara mbili. Kila mtu alikuja na nyimbo zake mwenyewe. Na watafiti walipotaka muziki wa kulinganishia, usiomsisimua mtu, hawakwenda kutafuta mbali. Walimpigia nyimbo za mwenzake. Wimbo uliompagawisha huyu, kwa yule ulikuwa muziki wa kawaida tu. Masikio yote mazima, na wimbo haujabadilika hata sekunde moja.

Kwa hiyo shemeji yangu, saa yako tunaihitaji sana, ila umeianzisha mahali pasipo. Kabla ya kuzidisha chochote ulitakiwa umuulize mwenzio: ni wapi hasa panapokuliza? Na umwache aoneshe kwa kidole wakati wimbo unapigwa. Ukute hata si kwenye dramu. Wengine wanalia sekunde ya kwanza, kwa ile sauti inayoanza peke yake. Ukishapajua, hapo sasa ndipo uhandisi wako uanze kazi, maana maharusi wengi wanaharibu wimbo wao kwa kutopanga muda. Wanaingia kwa mwendo wa haraka haraka, wanafika meza kuu na kukaa, na kile kilele walichokisubiri miaka kumi kinawakuta wanarekebisha shela na kuomba maji.

Nendeni ukumbini siku mbili kabla. Tembeeni kutoka mlangoni mpaka meza kuu kwa mwendo wa siku yenyewe, huku mkikumbuka gauni lina mkia. Tuseme mmetumia dakika mbili. Kama mnataka ile dramu ya dakika 3 na sekunde 9 iwakute katikati ya ukumbi, basi mguu wa kwanza utoke mlangoni wimbo ukiwa kwenye dakika 2 na sekunde 9. Kabla ya hapo waacheni wapambe na watoto wa maua watangulie, taa ziwe hafifu. Baada ya dramu zinabaki sekunde 82 za wimbo, na nyinyi mmebakiza dakika moja ya kutembea. Mnafika mbele, mnageuka kuwatazama wageni, muziki ndio unamalizika.

DJ mpeni wimbo wenyewe kwenye flashi, msimwachie autafute pale pale, asije akaweka toleo lililofupishwa. Na MC, nawaomba sana, mwambieni mapema, ikibidi mbele ya mwenyekiti wa kamati: pale panapokuwa kimya kabla ya dramu, kimya kile ni mali ya bibi harusi. Nimehudhuria sherehe moja ambapo MC aliona muziki umekatika akadhani umeme umekatika, akakamata maikrofoni na kuanza kuwatania wakwe. Dramu ikapigwa juu ya utani. Sijui kama bibi harusi yule amemsamehe.

Halafu kuna muziki ambao mambo yote haya ya saa hauyataki. Rumba la Kongo, na bendi zetu za dansi zilizojifunza kwake, wimbo unakuwa na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni polepole, maneno yanasikika, mmeshikana kiunoni. Nyumba ya pili ni sebene, magitaa yanachanganya, mnaachiana na kila mtu anaonesha alichonacho. Zama za santuri ndogo, wimbo mrefu hauwezi kuenea upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa, sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilizowapumbaza wazazi wetu zilikatwa karibu na nusu kwa nusu, siyo kwa Euclid, ila kwa ukubwa wa sahani. Na kati ya mahaba na sebene kulikuwa na kimya cha mtu kuinuka kwenda kugeuza. Nadhani ndoa kadhaa zimeanzia kwenye kimya hicho.

Santuri kubwa ndizo zilizowapa nafasi. Franco alipotoa "Mario" mwaka 1985 alijipa zaidi ya dakika kumi kumsema kijana msomi anayelelewa na mwanamke mtu mzima, kwa Kilingala, na hata tusiojua Kilingala tuliuelewa. Jina lenyewe likabaki mitaani kwetu, mpaka leo mwanaume wa kulelewa anaitwa marioo. Utautafutia wapi kilele wimbo kama ule? Hauna mlango mmoja.

Na bendi ikiwa jukwaani ndiyo kabisa, hata santuri haipo ya kuikata. Mwimbaji akishamaliza beti zake anarudi nyuma, anachukua kitambaa anajifuta jasho, na wimbo unabaki mikononi mwa mpiga gitaa la solo. Hana saa. Anaangalia miguu ya watu. Wakiwa bado wako juu, anazunguka tena. Wakianza kutazama meza zao, anamtupia jicho mpiga dramu, na wanafunga.